Mimba ya Miezi Sita, Kutoka Kibirizi Hadi Kalya

Asubuhi pale Kibirizi, mkoani Kigoma, mitumbwi ya usiku ikishaegeshwa na dagaa kumwagwa juani, kati ya wanawake wanaoanika hakosekani mwenye tumbo la miezi sita. Anainama, anageuza dagaa, anainuka mkono ukiwa kiunoni, anaendelea. Kichefuchefu cha miezi ya mwanzo kimekwisha. Usingizi unakuja, chakula kinapita, ni nguo tu zilizoanza kumkataa. Akiulizwa hali atajibu kuwa hajambo kabisa, na atakuwa anasema kweli.

Hapo ndipo penye jambo, msikilizaji. Mwanamke anayejisikia vizuri haoni kwa nini apoteze siku nzima kwenye benchi la kliniki. Wapo wanaokwenda mara moja kuchukua kadi, kisha hawaonekani tena mpaka siku zao zinakaribia. Katikati hapo inabaki miezi ambayo hakuna aliyewapima, hasa kuanzia wiki ya 22 hadi ya 28, yaani mwisho wa sehemu ya pili ya mimba. Mazungumzo ya leo yana hoja moja: kipindi hicho kinachoonekana shwari ndicho ambacho mwili wa mama na wa mtoto unafanya kazi nzito kimyakimya, na maradhi yanayokuja kuua leba huanza kujengeka wakati huo, mama akiwa bado anacheka na wenzake.

Kwanza mtoto. Mimba ikitimiza wiki 24, mtoto ana urefu wa karibu sentimita 30 toka utosini hadi kisiginoni, na uzito wa gramu 600 hivi. Wiki nne baadaye amefika kilo moja. Ngozi yake ni nyembamba, nyekundu na imekunjamana, kwa kuwa mafuta ya chini ya ngozi ndiyo kwanza yanajengeka, na mwili wake una malaika, vile vinyweleo laini ambavyo vingi hupukutika kabla hajazaliwa. Michoro ya ncha za vidole, ambayo siku moja itamtambulisha kwenye kitambulisho cha taifa, imeshakamilika. Kope zilizokuwa zimeshikana hufunguka karibu na wiki ya 26 au 27. Anameza maji ya uzazi, anakojoa, anapata kwikwi ambazo mama huzihisi kama vipigo vidogo vya mfululizo. Ana saa zake za kulala na za kuamka, na wengi huchagua kuchangamka usiku, pale mama anapojinyoosha apumzike.

Halafu kuna masikio, na hapa redio ina haki ya kukaa kidogo.

Kati ya wiki ya 24 na ya 27 mtoto huanza kuitikia sauti. Hayuko mahali pa kimya: anasikia moyo wa mama, damu ikipita mishipani, chakula kikisagika. Sauti nene humfikia vizuri kuliko nyembamba, na sauti ya mama humfikia kuliko zote, maana mbali na kupita hewani hupita pia ndani ya mwili wenyewe. Mwaka 1980 watafiti wawili wa Marekani, Anthony DeCasper na William Fifer, waliwapa watoto waliotoka kuzaliwa chuchu ya mpira iliyounganishwa na kinasa sauti. Watoto hao walibadili mwendo wa kunyonya ili wasikie sauti ya mama yao badala ya sauti ya mwanamke mwingine. Mwaka 2009 Kathleen Wermke wa Würzburg, Ujerumani, na wenzake walichapisha uchunguzi wa vilio vya vichanga 60, nusu Wafaransa na nusu Wajerumani. Kilio cha Wafaransa kilielekea kupanda, cha Wajerumani kilielekea kushuka, sawasawa na mwendo wa lugha za mama zao.

Basi mtoto aliyeko tumboni Ujiji ameshaanza shule. Anasikia Kiswahili cha mama yake sokoni, Kiha cha bibi, pengine Kimanyema au Kibembe cha jirani, na ngoma za harusi ya mtaa wa pili. Baba anayeona haya kuzungumza na tumbo aache haya. Mtoto hajui maana ya maneno, lakini sauti anazizoea.

Kuna jambo jingine la ngozi ya mtoto linalostahili kusemwa waziwazi. Katika wiki hizi mwili wake hupakwa utando mweupe, mzito, wenye mafuta. Kazi yake ni kuilinda ngozi isiathiriwe na maji ya uzazi kwa miezi yote iliyobaki, na baadaye kurahisisha kuzaliwa kwa mtoto. Unatengenezwa na ngozi ya mtoto mwenyewe. Mahali pengi Afrika Mashariki mama akijifungua mtoto mwenye utando huo husemwa kuwa hakujizuia na mumewe, na wapo waliochekwa na kuaibishwa na wanawake wenzao wakiwa bado kitandani. Maneno hayo ni ya uongo na ni ya ukatili. Utando huo hauna uhusiano wowote na tendo la ndoa, na ushauri wa sasa wa kitabibu ni kwamba usifutwe haraka; kumwogesha mtoto kusubiri angalau saa 24.

Tumgeukie mama. Wiki ya 20 kilele cha tumbo la uzazi kiko usawa wa kitovu, na baada ya hapo mkunga mwenye utepe wa kupimia nguo anaweza kusoma umri wa mimba: sentimita 24 kwa wiki 24, sentimita 26 kwa wiki 26, ikizidi au kupungua kidogo. Kipimo hicho cha bei ya utepe kinaweza kuonyesha mtoto asiyekua, mapacha wasiotarajiwa, au maji yaliyozidi. Ndiyo maana kadi inayoandikwa kimo kila hudhurio ina thamani kuliko kadi yenye namba moja tu.

Nje ya mwili mabadiliko yanaonekana na kila mtu: mstari mweusi unaoshuka kutoka kitovuni, mabaka usoni, michirizi tumboni na mapajani. Mengine anayajua mwenyewe. Kiungulia hupanda akila na kulala papo hapo, choo hufunga, mgongo huuma kwa sababu kitovu cha uzito kimesogea mbele na maungio ya nyonga yamelegea kwa nguvu za homoni. Usiku misuli ya miguu hukakamaa ghafla; kunyoosha mguu na kuvuta vidole kuelekea gotini husaidia. Tumbo hukaza kwa muda mfupi kisha huachia bila mpangilio. Huo ni uchungu wa uongo, na hupungua mama akipumzika na kunywa maji. Ukija kwa mpangilio, ukazidi kukaza, au ukaambatana na damu au maji, hapo si uongo tena na safari ya hospitali imeanza.

Kulala chali nako kuna shida yake. Mfuko wa uzazi ulioongezeka uzito huukandamiza mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo, mama akaanza kuona kizunguzungu na jasho jembamba. Alale ubavu, wa kushoto ukiwa bora zaidi.

Lakini badiliko kubwa kuliko yote halionekani kwa macho. Ni damu. Hadi mwisho wa mimba, damu ya mama huongezeka kwa kati ya asilimia 40 na 50. Maji ya damu huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, kwa hiyo damu huwa nyepesi, kama mchuzi ulioongezwa maji kwa ajili ya wageni. Wepesi huo una kiasi chake cha kawaida. Tatizo ni kwamba wanawake wengi huanza mimba chungu kikiwa na mchuzi kidogo: uchunguzi wa kitaifa wa afya wa 2015 na 2016 uliwakuta wajawazito 57 katika kila 100 nchini wakiwa na upungufu wa damu. Mwanamke wa namna hiyo anaweza kuanika dagaa wiki nzima bila kulalamika. Siku ya kujifungua, kiasi cha damu ambacho mwenzake angekipoteza na kusimama, yeye kinamwangusha.

Dawa ya hilo iko mfukoni mwa kila kliniki: vidonge vya madini ya chuma na foliki, ambavyo wengi huviita fefo. Vinafanya choo kiwe cheusi na wakati mwingine kuleta kichefuchefu, hivyo vingi huishia chini ya godoro. Kuvimeza usiku baada ya kula husaidia. Kuvimeza na chai ni kuvipoteza, kwa sababu chai huzuia chuma kisiingie mwilini. Maji au juisi ya chungwa ni bora. Udongo unaouzwa sokoni kwa ajili ya wajawazito nao hushikilia chuma tumboni, na huweza kubeba madini ya risasi na mayai ya minyoo. Hamu ya udongo yenyewe mara nyingi huambatana na upungufu wa damu, kwa hiyo mwanamke anayeutamani asitukanwe, apimwe damu.

Kwa chakula, Kigoma haina sababu ya kulia. Dagaa huliwa wazima na mifupa yao, na mifupa hiyo ni chokaa ya kujenga mifupa ya mtoto, ambayo wiki hizi inaendelea kuwa migumu. Dagaa na migebuka huusaidia mwili kufyonza chuma kilichomo kwenye maharage na kisamvu. Mawese, yakiwa bado na wekundu wake, yana kitu kinachogeuka kuwa vitamini A; yakichomwa jikoni mpaka yakapauka, faida hiyo imeungua. Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa shughuli za uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 mwaka 2024 ili samaki wazaane, ilionekana wazi jinsi sahani ya mwambao inavyolitegemea. Katika msimu wa namna hiyo familia yenye mjamzito iliyonunua na kukausha dagaa mapema imefanya la maana, na dagaa wachache waliopo waanze na sahani yake.

Adui wa pili wa damu hiyo ni malaria. Uchunguzi wa kitaifa wa 2017 uliupa mkoa wa Kigoma nafasi ya kwanza isiyotamanika: karibu mtoto mmoja kati ya kila wanne wa chini ya miaka mitano alikutwa na vimelea. Kwa mjamzito malaria ina hila ya pekee. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, kwa kuchunguza makondo ya wanawake waliojifungua Kisumu, nchini Kenya, walieleza jinsi vimelea vinavyojifunza kunasa kwenye kondo la nyuma. Vikijificha huko huweza kukosekana kwenye damu ya kidoleni. Mama hana homa, kipimo kinasema hana kitu, na huku kondo linaziba na mtoto anapunjwa chakula na hewa. Anayeumia zaidi ni mwenye mimba ya kwanza, ambaye mwili wake haujawahi kukutana na vimelea vya tabia hiyo.

Kwa sababu hiyo kliniki haisubiri homa. Mjamzito humeza vidonge vitatu vya SP, dawa ya kuzuia malaria, mbele ya mhudumu, akianza baada ya miezi mitatu ya kwanza na kurudia kila baada ya mwezi mmoja au zaidi hadi kujifungua, angalau mara tatu. Anayetumia kotrimoksazoli kwa sababu ya virusi vya UKIMWI hapewi SP, kwa hiyo mhudumu lazima aambiwe ukweli. Hesabu ni rahisi: aliyeruka kliniki mwezi wa tano, wa sita na wa saba hawezi kufikisha dozi tatu kwa wakati unaofaa. Chandarua nacho ni cha kulalia usiku, na kila aliyeishi ziwani anajua kuwa vingine vimeishia kuvulia samaki.

Kisha presha. Kuanzia wiki ya 20 wanawake wengine, hata wasiowahi kuwa na tatizo hilo, hupandwa na shinikizo la damu, na protini ikaanza kuvuja kwenye mkojo. Kipimo cha 140 kwa 90 kwenda juu kinatosha kumfanya mkunga asimamishe mambo mengine. Miguu kuvimba jioni ni kawaida. Uso na mikono kuvimba, kichwa kuuma bila kuachia, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, hayo si ya kawaida hata kidogo. Yakiachwa huleta kifafa cha mimba, na familia ikianza kuhangaika kutafuta nani kamroga, saa zinapotea. Ipo sindano ya magnesiamu salfeti inayozuia na kutuliza degedege hilo, lakini sindano hiyo haiji nyumbani. Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wake wa 2016 liliongeza mahudhurio ya kliniki kutoka manne hadi manane, na mawili yake yameangukia katika sehemu ya pili ya mimba: wiki ya 20 na wiki ya 26. Kwa anayeishi mwambao, la wiki ya 26 lisiachwe kwa kisingizio chochote.

Mapafu ya mtoto ndiyo yanayoifanya kila wiki ya kipindi hiki iwe na uzito. Karibu na wiki ya 24 hadi ya 26 mapafu huanza kutengeneza utelezi unaozuia vifuko vya hewa visigandamane kila mtoto anapotoa pumzi. Utelezi huo hautoshi mpaka karibu na wiki ya 34 au 35. Anayezaliwa wiki ya 27 anapigania kila pumzi, na anayefaulu kubaki tumboni hata wiki mbili zaidi ana nafasi kubwa kuliko mwenzake. Kwa mtoto njiti, yaani aliyezaliwa kabla ya wakati, kifua cha mama kimethibitika kuwa tiba. Utafiti ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani katika nchi tano, Tanzania ikiwemo, na kuchapishwa mwaka 2021, ulionyesha kwamba vichanga wa kilo moja hadi chini ya kilo 1.8 waliowekwa kifuani, ngozi kwa ngozi, mara tu baada ya kuzaliwa, walikufa kwa asilimia 25 pungufu ya wale waliosubiri kwanza hali zao zitulie.

Yote haya yangekuwa maneno ya kitabuni kama Kigoma yenyewe isingekuwa na ushahidi wake. Katikati ya miaka ya 1980, hospitali ya mkoa wa Kigoma ilikuwa inapoteza akina mama 933 kwa kila vizazi hai 100,000. Daktari wa uzazi Godfrey Mbaruku alianza kwa kuchunguza vifo hivyo kimoja kimoja, akakuta kwamba mengi ya kurekebisha yalikuwa ndani ya hospitali yenyewe. Zikapangwa hatua 22, nyingi za gharama ndogo, zilizotegemea wafanyakazi waliokuwepo, vifaa vilivyokuwepo na wananchi wenyewe. Hadi 1991 idadi ilikuwa imeshuka hadi 186. Mbaruku na Staffan Bergström waliandika kazi hiyo mwaka 1995, na tangu hapo jina la Kigoma limetajwa katika mijadala ya uzazi salama duniani. Kuanzia 2006 mradi uliofadhiliwa na Bloomberg Philanthropies ulifuata nyayo hizo, ukivipa vituo vya afya vyumba vya upasuaji na kuwafunza madaktari wasaidizi kupasua, ili mama asilazimike kufika Maweni, hospitali ya mkoa, ndipo apone.

Mafanikio hayo hayajalifuta ziwa. Mtu wa Gungu au Mwanga, mjini Kigoma, hupanda bajaji akafika hospitali. Mtu wa Mwamgongo, kaskazini ya Gombe, au wa Kalya, kusini ya milima ya Mahale, anafikiria boti, mafuta ya injini, na upepo wa kusini ambao kuanzia Mei hupandisha mawimbi. Mwaka 2015 maelfu kwa maelfu ya wakimbizi wa Burundi walipokwama ufukweni Kagunga, wajawazito wakiwemo, ilibidi meli ya Liemba, iliyoingizwa majini hapa Kigoma mwaka 1915, iwavushe kwa makundi. Ziwa hili halimtambui mwenye uchungu. Maandalizi ya safari yake hufanywa mimba ikiwa ya miezi sita, wakati bado anaweza kupanda boti mchana kwa miguu yake.

Kwa hiyo, mwenzangu mwenye mke, dada, wifi au mkwe aliyefikia miezi hiyo, chukua kadi yake leo uisome. Angalia kama kuna kimo cha tumbo, presha, wingi wa damu, na SP ngapi. Palipo wazi, mpeleke. Ulizeni kituo cha karibu chenye upasuaji ni kipi, na kama kuna nyumba ya kusubiria, ile ambayo sehemu nyingine huitwa chigonella, ajue lini ahamie. Zungumzeni na mwenye boti mapema, mkubaliane bei kabla ya dharura, na fedha hiyo isiguswe. Andikeni ukutani namba 115 ya mfumo wa m-mama, uliozinduliwa kitaifa Aprili 2022. Kuipiga ni bure, na kazi yake ni kumtafutia usafiri mjamzito au kichanga aliye hatarini. Na kama mtoto aliyekuwa akicheza kila siku amenyamaza, msingoje asubuhi.